Tupeane uzoefu: mlionaswa na muziki wa Uingereza wa miaka ya sitini, yaliwakuta yapi?

Mshabiki wa Mersey:
Wakuu, heshima kwenu. Jana nilikuwa kwa kinyozi, redio ikapiga ule wimbo wa bendi ya The Kinks wa mwaka 1964 ambao gitaa lake linanguruma kana kwamba limeharibika, na kijana aliyekuwa akininyoa akahofia kwamba spika zake zimepasuka. Nilimweleza kuwa spika iliyopasuka ni ya Dave Davies, mpiga gitaa wao, ambaye aliichana kwa wembe makusudi ili apate mngurumo huo. Alicheka, akaendelea kunyoa bila kuniamini. Nimeona tukutane hapa sisi tulionaswa na muziki ule, tusimuliane ulitufikiaje na ulitugharimu nini.

Binti Makadara:
Mimi ulinigharimu udugu. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini Mombasa, na kila alipopokea mshahara alirudi na kitoweo mkono mmoja na santuri mkono wa pili, jambo ambalo mama hakulisamehe. Alianza na The Shadows, kwa sababu nyimbo zao nyingi hazikuwa na maneno na yeye alipenda kulisikia gitaa la Hank Marvin likisema lenyewe. Kisha wakafuata Beatles, Animals, Petula Clark na Dusty Springfield. Alizozienzi kuliko zote ni mbili alizozihifadhi pamoja: "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, na wimbo huohuo ulivyoimbwa na Waingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Mgeni akija, baba alimpigia ya kwanza, akampigia ya pili, kisha akamuuliza ni nani aliyemfunza mwenzake.

Mama alipomaliza eda tuliirudisha nyumba kwa mwenyewe, na mjomba akajitolea kusafirisha vyombo hadi kwangu Nairobi kwa lori la rafiki yake. Magodoro yalifunikwa turubai. Santuri zilitiwa kwenye gunia zikawekwa juu kabisa, pasipo kifuniko, na lori likaharibika karibu na Voi, likakaa juani kutwa nzima. Nilipolifungua gunia nilikuta zimejipinda kama papa wa kuanikwa, zile mbili zikiwa za kwanza. Nilimuuliza mjomba kwa nini hakuzifunika, akanijibu, "Mwanangu, nilifunika vitu vyenye thamani." Nilimkwepa Ramadhani nzima, na siku ya Idi nilimpa mkono bila kumtazama.

Kijana wa Ngamiani:
Pole sana, dada. Maneno hayo ya "vitu vyenye thamani" nami niliyasikia, ila kwangu zilikuwa kaseti.

Mbishi wa Magomeni:
Nakupa pole, lakini hilo la Tremeloes silikubali. Waingereza wa wakati ule hawakuwa na habari na muziki wa Nairobi, na si vizuri tujitungie historia kwa sababu inatufurahisha.

Fundi Redio:
Mbishi, utafute wimbo wenyewe kabla ya kubisha. Mtunzi anayetajwa ni Kabaka, na ulifika nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza. Utamu zaidi ni huu: tarehe 1 Januari 1962 kampuni ya santuri ya Decca iliwafanyia majaribio Beatles na Tremeloes, wakati huo wakiwa na mwimbaji wao Brian Poole, ikawakataa Beatles na kuwachukua Tremeloes, kwa sababu mojawapo kwamba hao walitoka Dagenham, karibu na London, ilhali wenzao wangelazimika kusafiri kutoka Liverpool. Kwa hiyo bendi iliyowashinda Beatles siku ile ndiyo iliyokuja kuimba wimbo wa Mkenya.

Mbishi wa Magomeni:
Nimeutafuta na nimeusikia, nakubali. Hata hivyo jina kwenye karatasi ya santuri si fedha mfukoni. Rolling Stones nao walichukua mpaka jina lao kutoka katika wimbo wa Muddy Waters. Mnachokiita muziki wa Uingereza ni muziki wa Wamarekani weusi uliovalishwa tai.

Mshabiki wa Mersey:
Angalau hao hawakuficha. Mwaka 1965, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni huko Marekani, walishikilia kwamba Howlin' Wolf, mwimbaji mweusi wa blues wa hukohuko, naye atumbuize, wakaketi chini kumsikiliza.

Mbishi wa Magomeni:
Kuketi chini nako si malipo.

Mkongwe wa Essex:
Vijana, nimewasoma kwa utulivu. Nilikuwa mwanafunzi Colchester wakati huo, na usiku tulisikiliza Radio Caroline, iliyorusha matangazo kutoka kwenye meli baharini kwa kuwa BBC ilibanwa na mapatano yaliyoipa saa chache tu za kupiga santuri. Mama mwenye nyumba wangu aliuchukia muziki huo kiasi kwamba alizima umeme wa chumba changu, nami nikanunua redio ya betri. Serikali ilizipiga marufuku redio za melini Agosti 1967, na mwezi uliofuata BBC ikafungua Radio 1 na kuajiri watangazaji walewale waliokuwa wakiitwa maharamia.

Sisi wanafunzi Waafrika tulikuwa na malkia wetu, naye ni Dusty Springfield. Desemba 1964 alikwenda Afrika Kusini kwa sharti kwamba haimbi mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi, akaimba mbele ya watu wa rangi zote pamoja, serikali ya huko ikamfukuza nchini. Mbishi, mwanangu, hayo nayo uyaweke kwenye hesabu zako.

Mbishi wa Magomeni:
Shikamoo mzee. Nimeyaweka.

Mtoto wa Shangani:
Mbona hakuna anayemtaja Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946?

Fundi Redio:
Kwa sababu bendi yake, Queen, ni ya miaka ya sabini, na mada ni sitini.

Mtoto wa Shangani:
Sizungumzii Queen, nazungumzia mshabiki. Akiwa shule ya bweni Panchgani, India, alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoiga nyimbo za Cliff Richard, na baada ya familia yake kuhamia Uingereza mwaka 1964 alisoma chuo cha sanaa cha Ealing, alikowahi kusoma Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who. Kama huyo hahusiki na uzi huu, basi sote tufunge tukalale.

Msafiri Liverpool:
Niliwahi kukaa Liverpool kikazi, na nikakimbilia Mathew Street kabla hata sijafungua sanduku. Nikiwa ndani ya Cavern, klabu walikokuwa wakipiga Beatles kabla ya kuvuma, nimeegemea ukuta na kujihisi nimefika, mhudumu akanijulisha kwamba klabu ya asili ilifungwa mwaka 1973 na pango lake kufukiwa, na hii ilijengwa upya mwaka 1984 kwa kutumia sehemu ya matofali ya zamani. Nilianza kuuliza ni tofali lipi hasa, mpaka watu wakasogea mbali nami.

Fundi Redio:
Turudi kwa dada yetu. Iweke santuri katikati ya vioo viwili vizito, uvipashe moto mdogo wa oveni, kisha uache vipoe vyenyewe.

Kijana wa Ngamiani:
Usithubutu, dada! Oveni ikizidi kidogo, mifereji inayosomwa na sindano inafutika na hutasikia kitu tena. Zilaze chini ya vitabu vizito miezi kadhaa.

Mbishi wa Magomeni:
Mpe mjomba azikalie.

Binti Makadara:
Mbishi, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza niliyoikubali. Nitajaribu vioo kwa santuri ya Cliff Richard, ambayo hata baba hakuipenda, kabla sijagusa zile mbili. Je, kuna mwenye nakala nzima?

Mkongwe wa Essex:
Ya Tremeloes ninayo, binti yangu, ina mkwaruzo upande wa pili tu. Niandikie faraghani nikutumie bila malipo. Ya Kabaka pia ninayo, lakini hiyo haitoki nyumbani kwangu.