Baraza moja la mbao, bei tatu: 3.2m, 5.85m na 10.38m. Mafundi, mnatuonaje?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia urefu. Mods, tafadhali msiuunganishe na ule uzi wa bei za tofali.

Nina nyumba Goba, Dar es Salaam, kule kwenye vilima, ambako mbele ya nyumba unakanyaga ardhi na nyuma uko hewani. Mlango wangu wa jikoni unafungukia mteremko. Karibu ukutani ukishuka ni sentimita 30 tu, lakini mita nne mbele ardhi imeshatumbukia mita 1.2. Miaka miwili nimekuwa nikishuka kwa tofali zilizopangwa bila udongo, na beseni la nguo mkononi. Nikasema basi, mwaka huu najenga baraza la mbao: mita 5 kwa 4, nguzo tisa za zege, ukingo wa kushika, na ngazi ya kushukia uani. Pa kukaa jioni na pa kuanika. Ghorofa sijengi.

Nikatafuta bei tatu kama tunavyoshauriwa siku zote.

Wa kwanza fundi wa mtaani. Alikuja na bodaboda, akasimama mlangoni, akaangalia. Tepu hakutoa. Jioni ikaingia sauti ya WhatsApp ya sekunde 14: "Dada hiyo kazi ndogo sana, vifaa na ufundi 3.2, siku nane nakukabidhi." Basi, hayo ndiyo makadirio.

Wa pili aliletwa na shemeji. Huyu alipima, na akaandika kwenye karatasi ya daftari: 5,850,000.

Wa tatu kampuni. Walikuja wawili na gari, viatu vya saiti, na kofia ngumu (kwenye uani wangu wenye mipapai miwili). Wakaleta PDF ya kurasa nne, nembo kila kona, na picha ya baraza zuri lenye theluji kwa nyuma. 10,384,000.

Mama mdogo akanishauri nichukue ya katikati, eti bei ya katikati haina dhambi. Ila mimi kazi yangu ni uhasibu, siwezi kulala na namba ambazo hazikai pamoja. Nikaziweka mezani zote tatu nikashindwa kuzilinganisha, na hapa ndipo penye malalamiko yangu: hawa watu hawakunipa bei tatu za kitu kimoja. Wamenipa vitu vitatu tofauti, vyote wanaviita baraza, na hakuna aliyeandika kitu chake ni kipi.

Ile ya 3.2 nilipombana fundi kwa simu ikaonekana haina ukingo, haina ngazi, na nguzo zake si zege bali ni mbao za kuchimbia ardhini. Nikamuuliza, na mchwa? "Tunazipaka oili chafu dada, mchwa hagusi." Mchwa wa Goba wamekula mpaka fremu ya dirisha la jirani yangu, tena ilikuwa imepakwa rangi. Wataogopa oili ya gari?

Ile ya daftari ndiyo ilinipandisha presha zaidi, kwa sababu ina vipimo, na vipimo vinahesabika. Nondo za milimita 12: pisi 18. Haya tuhesabu. Nguzo tisa, kila moja vipande vinne, na hata nikimpa mita 1.8 kila kipande pamoja na kukunja chini, ni mita 65. Vitako vya nguzo, wavu wa vipande vinane vya nusu mita kila kimoja, mita 36. Jumla mita 101. Nondo moja ina mita 12. Nondo tisa zinatosha na kipande kinabaki cha kuanikia nguo. Yeye kaandika 18, mara mbili kamili! Saruji kaandika mifuko 30, wakati zege la vitako na nguzo zile halifiki hata mita 1.5 za ujazo. Kwa uwiano wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko kama tisa, weka na ngazi iwe 12. Hiyo 18 inayobaki inakwenda kujenga kwa nani?

Nilipomuuliza alicheka. "Dada, hayo mambo ya nondo tuachie mafundi." Halafu akauliza mwenye nyumba yuko wapi aongee naye. Nikamwambia mwenye nyumba ndiyo unaongea naye. Akanyamaza, akasema vifaa anajua duka la kuchukulia, tena nisihangaike kwenda mimi. Wenye kuelewa cha juu mmeshaelewa.

Kampuni sasa. Kurasa nne zile ukizikamua zinabaki mistari mitano: maandalizi ya eneo 900,000, usimamizi 1,100,000, usafiri wa vifaa 650,000, zege 1,150,000, kazi ya mbao jumla 4,200,000. Milioni nane. Juu yake dharura asilimia 10, juu yake VAT asilimia 18. "Kazi ya mbao jumla." Mbao gani? Mninga au paina? Imetiwa dawa au haijatiwa? Unene gani? Misumari au skrubu? Hamna. Maandalizi ya eneo ya laki tisa ni kung'oa mipapai yangu miwili, sioni kingine. Nikaomba namba yao ya usajili wa VAT na nikawaambia nitataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jibu: "Madam, kama risiti siyo lazima, hiyo kodi tunaweza kuitoa." Milioni moja na laki tano na ushee imeyeyuka kwenye meseji moja, kama chumvi kwenye supu. Sasa ilikuwa kodi ya nani?

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Nikaandika karatasi yangu mwenyewe: ukubwa, nguzo tisa za zege, mbao za chini za kubeba sakafu 2x6 (inchi) paina ya dawa kila sentimita 40, mbao za juu 1x6 zilizopigwa randa, skrubu za mabati na siyo misumari ya kawaida, ukingo wa mita moja kwenda juu, ngazi. Nikawatumia wote watatu, kila mtu anijazie bei humo humo kwenye mistari yangu.

Kampuni walitaka 300,000 "ya kurudia makadirio". Wa daftari alinuna, akamwambia shemeji kwamba mimi simwamini, na shemeji mpaka leo ananijibu "sawa" tupu. Wa 3.2 alijibu ndani ya dakika tatu: "Hayo yote yapo dada, bei ile ile."

Na mimi nikakubali! Mwenye uhasibu wangu, niliyetoka kuhesabu nondo za watu mpaka saa sita usiku. Mtu anakuongezea zege, ukingo na ngazi bila kuongeza hata shilingi, wewe unaona umepata zali. Nikampa 400,000 kishika uchumba, eti awahi mbao kabla hazijapanda.

Baada ya siku nne zikaja pisi 11 kwenye guta. Kijani kizuri kama zilivyo mbao za dawa. Nikaishika moja, kiganja kikatoka na kijani. Nikamwomba kijana wa guta anikatie kichwa cha ubao kwa msumeno, inchi mbili hivi. Ndani nyeupe kama muhogo, na imelowa. Kijani kimeingia unene wa ganda la yai. Paina iliyotiwa dawa kwa mtambo inakunywa dawa mpaka ndani, hii imepitishwa kwenye ndoo na brashi. Nikampigia fundi. Yuko Kibaha. Nikampigia tena, yuko msibani. Mara ya tatu simu ya mkononi unayopiga haipatikani, na haijapatikana mpaka leo, siku ya kumi na mbili.

Sasa nisikilizeni hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue uzi. Jirani ana mzee mmoja fundi seremala anamtengenezea milango. Nikamwomba apite tu aone. Mzee akatembea uani, akapima kwa tepu iliyofutika namba za mwanzo, akauliza: "Mwanangu, kwa nini mita nne?" Nikamwambia nilichagua tu, namba nzuri. Akasema mbao ya dukani ni futi 12, yaani mita 3.66. Ukitaka mita nne kila mbao ya chini inapungua sentimita 34, kwa hiyo unanunua pisi mbili pale ambapo moja ingetosha, au unaunga. Na kiungo lazima kikae juu ya boriti, kisiwe hewani. "Fanya mita 3.6. Pisi moja inafika, na hizo sentimita 40 hutazikumbuka."

Nikarudi kwenye karatasi. Wa daftari: 2x6 pisi 14. Zile mbao 14 zisingefika! Angefika saiti, angeniambia "dada vifaa havijatosha", na mimi ningetoa tena. Kampuni nao, nilipowabana kwa simu, wakasema mbao za chini ni mita 56, kana kwamba mbao inauzwa kwa mita kama kitambaa. Watu watatu, mmoja na kofia ngumu, na hakuna aliyefikiria ubao una urefu gani. Tepu wanazo za nini?

Mzee anataka ufundi tu, 1,350,000 kwa baraza la 5 kwa 3.6, zege, ngazi na ukingo humo humo, ninunue vifaa mwenyewe naye aje dukani anichagulie. Malipo kwa awamu tatu: nguzo zikisimama, mbao za chini zikifungwa, na kukabidhi. Ameandika kwa mkono wake nami nimesaini. Waliojenga mabaraza ya namna hii, hiyo hela ya ufundi ni halali au napigwa kistaarabu? Nijibuni na vipimo vyenu. Mtu asiniandikie "mimi nilijengewa kwa laki tano" bila kusema alijengewa nini.

NYONGEZA: Naona mmenijia.

Mkuu uliyesema mafundi nao wana njaa, wateja tunawasumbua kwa kuzungusha bei: nakubali kupima ni kazi. Fundi akiniambia kupima ni elfu thelathini, nikikupa kazi inakatwa humo, nalipa na asante juu. Ila usipime bure halafu ujilipe kwenye nondo zangu.

Uliyesema ningeenda na mwanaume nisingepigwa: shemeji yangu ni mwanaume, na ndiye aliyemleta yule wa nondo 18.

Wanaosema nimpeleke wa 3.2 polisi, namba aliyotumia kupokea hela imesajiliwa kwa jina la mwanamke wa Kigoma. Nimeshaandikisha kituoni hata hivyo.

Na anayeuliza kama nauza zile pisi 11: njoo uchukue bure. Njoo na guta lako, na uwahi, upande wa chini mchwa wameshaanza.