Kigoma Mwanga: dogo kaniitikia "marahaba" na sijamwamkia. NAWAKA

Kratos wa Katubuka:
Wakuu, saa hizi ni saa 5 usiku. Nyumba nzima imelala, mimi nipo jikoni nimekaa juu ya ndoo naandika uzi. Kitandani nimeshindwa. Nimegeuka geuka mpaka mama watoto kaniuliza kama malaria imerudi.

Mnamjua. Simtaji na wala sihitaji kumtaja. Kila aliyewahi kutoa mia tano yake kwenye lile banda la gemu nyuma ya soko la Mwanga anamjua. Yule anayekaa kiti cha karibu na feni hata kama kuna mtu amekikalia. Yule anayefutia pedi ya kuchezea kwenye shati la mwenzake. Huyo huyo.

Leo kaniambia marahaba.

Sikumwamkia! Dogo mimi nipo darasa la sita yeye anazaliwa. Siku anazaliwa niliyetumwa dukani kununua wembe ni mimi! Halafu leo, mbele ya banda zima, mbele ya mwanangu wa miaka 6 niliyemnunulia ubuyu akae atulie, ananigeukia taratibu kama mzee wa baraza na kusema, "Marahaba."

Ngoja niwape mkanda, labda kuna mtu hajui hili gemu. Ni PlayStation All-Stars Battle Royale, la PS3, la mwaka 2012. Humo Sony wamekusanya watu wa kila gemu lao na wa kuazima, 20 kwenye diski: Kratos, Heihachi wa Tekken, Nathan Drake, Raiden, Ratchet, wote wanazichapa uwanja mmoja. Mnacheza wanne kwa kioo kimoja na ndiyo raha yake. Hakuna gemu lingine banda lile linalofanya watu wanne wapige kelele kwa pamoja hivyo. Nalipenda hili gemu kuliko mpira. Narudia, nalipenda.

Lakini lina ugonjwa. Humo ndani mtu hana damu ya kuisha. Mpige ngumi elfu, mtwange, mburuze, hafi. Unachokusanya ni nguvu, nguvu zikijaa unapata supa, levo 1, 2 au 3, na supa tu ndiyo inayoua. Sasa mtu akikukaba akakurusha, nguvu ulizozitolea jasho zinamwagika chini kama dagaa waliopasukiwa mfuko, na yeye anaokota! Mwizi anaokota!

Na dogo anachezea nani? Sly. Mwizi kwa kazi na kwa kuzaliwa. Wenzake wote wanakinga, Sly hana kukinga, yeye anapotea asionekane. Dakika 3 nzima dogo hapigani. Anapotea, anatokea, anakaba, anaokota, anapotea.

Sekunde 4 zimebaki. Nina Kratos. Levo 3 imebaki unywele ijae, na Kratos akiipata hiyo kila anayemgusa ni marehemu. Banda zima limesimama. Mwanangu kaacha ubuyu. Naenda kupiga mguso wa mwisho, ghafla nyuma yangu hewa inageuka mwizi. Kakaba. Karusha. Zimemwagika. Kaokota. Levo 1. Nimekufa.

Ukiua unapata pointi 2, ukifa unakatwa 1, na huzioni mpaka muda uishe. Nilikuwa mbele kwa 2. Matokeo yanakuja, dogo kanipita kwa 1.

Sikusema neno. Nimeweka pedi chini kistaarabu. Ndipo akageuka na kusema "Marahaba."

Njiani mwanangu ananiuliza, "Baba, kwani ulimwamkia yule kaka saa ngapi?"

Nimjibu nini mtoto, wakuu?

Mlinzi wa Gungu:
Marahaba mkuu.

Bodaboda Mstaafu:
Marahaba. Watoto hawajambo?

Dada wa Bangwe:
Nimesoma mpaka hapo kwenye ndoo nikajua mtu ameumia kweli. Pole kaka yangu. Ila nauliza, ulimwamkia au hukumwamkia? Maana dogo si kichaa.

Kratos wa Katubuka:
@Dada wa Bangwe SIKUMWAMKIA. Nimeandika mara ngapi? Nilikuwa kimya!

Shahidi wa Feni:
Mimi nilikuwepo, nilikaa benchi la nyuma. Hakumwamkia, hilo kweli. Ila alikuwa ameinamisha kichwa na mikono iko magotini. Kwa mtu wa mbali ilionekana kama anaamkia.

Mlinzi wa Gungu:
😂😂😂 Nimeamsha wapangaji.

Kratos wa Katubuka:
Nilikuwa naangalia pedi! Pedi ilikuwa sakafuni! Mtu akiangalia sakafu ndiyo shikamoo?

Mzee wa Pedi:
Mleta mada tuongee gemu kidogo. Levo 2 ulikuwa nayo, si ndiyo? Huwezi kukaribia levo 3 bila kuipita ya pili. Kwa nini hukuipiga? Ulikuwa na sekunde ngapi za kuua mtu kwa levo 2 ukaondoka na pointi zako? Umekaa nayo kama mtu aliyeficha sukari ya mwezi mzima, halafu unashangaa umeibiwa. Kukaba kumewekwa makusudi kwa watu wa aina yako.

Kratos wa Katubuka:
Mzee wa Pedi, Kratos bila levo 3 ni sawa na mgebuka bila ugali. Sijaja kusomeshwa. Nimeambiwa marahaba.

Kaka Mjuzi:
Tatizo mnacheza kopi. Gemu lililowatangulia ni Super Smash Bros. la Nintendo, la mwaka 1999. Kule unamchapa mtu mpaka anakuwa mwepesi, unamtupa nje ya uwanja, kaisha. Kipigo chako kina maana, unaona kabisa asilimia inapanda. Kwenye hilo lenu unampiga mtu dakika mbili, anakufa kwa supa ya mtu mwingine aliyekuwa amekaa pembeni. Niliwaambia tangu zamani.

Bodaboda Mstaafu:
Kaka Mjuzi hiyo Nintendo umeiona wapi Kigoma hii? Banda gani? Taja.

Kaka Mjuzi:
Nimeiona.

Bodaboda Mstaafu:
Kwenye simu ya nani?

Dada wa Bangwe:
Mimi kinachonikera kwenye hilo gemu ni ule uwanja wa maswali. Watu mnapigana vizuri, ghafla yule mtangazaji Buzz anatoa swali la Kiingereza, ukimbilie upande wa jibu, ukikosea unapigwa keki ya uso. Nimekuja kupigana, sijaja kufanya mtihani wa taifa! Mwenye banda anauchagua makusudi kwa sababu majibu ameshayakariri.

Mlinzi wa Gungu:
Na Crash yuko wapi? Nimetafuta watu wote 20, nimepiga mshale kulia na kushoto mpaka kidole kimeota sugu. Crash Bandicoot ndiye aliyetulea kwenye PS1. Wameweka paka mweupe simjui hata kwa sura, Crash hakuna.

Mzee wa Pedi:
Crash wakati huo alishakuwa mali ya Activision, siyo Sony. Na huyo paka anaitwa Toro, Wajapani wanamjua vizuri. Mimi msiba wangu ni Dante wa Devil May Cry. Nimemzoea nywele nyeupe tangu PS2, wakaniletea kijana wa nywele nyeusi wanasema ndiye yeye. Nilihisi nimeletewa mpangaji mwingine kwenye chumba cha ndugu yangu.

Mnyamwezi wa Isevya:
Nasoma kutoka Tabora na nawaonea huruma. Hayo yote ni maumivu madogo. Nyie hamjakutana na mtu wa Eddy kwenye Tekken 3. Kuna mmoja hapa kwetu, simtaji, watu wa Tabora mnamjua, wa kandambili. Hajui hata kitufe kimoja kinafanya nini. Anavurugia vitufe vya mateke kama anakuna kichwa chenye chawa, Eddy Gordo anazunguka, capoeira juu, capoeira chini, wewe uliyejifunza mwaka mzima umelala chali. Nimefungwa mechi 11. Kumi na moja! Na alikuwa anakula embe.

Bodaboda Mstaafu:
Eddy anatakiwa kupigwa marufuku mkoa kwa mkoa.

Shahidi wa Feni:
Kwetu ameshapigwa marufuku, imeandikwa kwa mkaa ukutani. Ukimchagua unalipa mechi mbili.

Kratos wa Katubuka:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima nimeambiwa marahaba. Na sina pa kukimbilia! Zamani ungesema unacheza mtandaoni utafute wapinzani wengine, seva za hili gemu zilishafungwa. Limebaki la kukaa pamoja kwenye banda, na bandani yupo yeye, karibu na feni.

Dada wa Bangwe:
Basi kesho nenda, mkabe na wewe.

Kratos wa Katubuka:
Nimkabe vipi haonekani?

Mama Dagaa Kibirizi:
Mnalilia marahaba wanaume wazima, mimi leo nimeuziwa dagaa nusu mchanga. Nimelipa pesa ya ndoo nzima, nimechambua, nimebaki na kilo ya dagaa na kiwanja cha kujengea. Aliyeniuzia anajijua, anavaa koti la mvua hata jua kali. Nilipomrudia akaniambia mchanga ni wa ziwani, ni bure.

Mlinzi wa Gungu:
Koti la njano? Huyo kaniuzia migebuka imelainika kama uji!

Bodaboda Mstaafu:
Koti la njano ananidai mimi na mimi namdai.

Mnyamwezi wa Isevya:
Samahani kwa kuingilia, nyie watu wa mwisho wa reli, mawese yanapatikana? Mke wangu anataka yale ya Kigoma yenyewe, haya ya huku yamechanganywa mpaka hayana harufu. Natuma mtu kwa treni.

Mama Dagaa Kibirizi:
Yapo ila uwe mwangalifu, wengine wanatia maji.

Kratos wa Katubuka:
Mada yangu inahusu HESHIMA kwenye banda la gemu. Mtoto wangu amelala na swali.

Mzee wa Pedi:
Mkuu kesho amka mapema, kaa wewe kile kiti cha feni. Kwa wengine: kuna mwenye kujua fundi wa pedi hapa mjini? Analogi ya kushoto, kile kijiti cha kutembezea, inaenda yenyewe, Heihachi wangu anatembea kuelekea shimoni bila kuulizwa.

Shahidi wa Feni:
Fundi yupo karibu na stendi, ila mpelekee asubuhi, mchana analala. Na umsimamie, asije akakubadilishia vitufe.

Mnyamwezi wa Isevya:
Na mawese jamani? Ndoo ya lita 20, safi, isiyo na maji.

Kratos wa Katubuka:
Ninayo moja. Ni ya shemeji yangu wa Ilagala, ya msimu huu, haijafunguliwa. Ndiyo hii niliyoikalia. Mtu wako anapanda treni ya siku gani?