Betri za kamera na za flashi zinaisha haraka: nipunguzeje gharama?

Swali

Habari zenu, ndugu wapigapicha. Ninapiga picha za harusi na kipaimara hapa Morogoro kwa kamera ya Canon EOS 1300D na flashi ya juu inayotumia betri nne za AA. Betri ya kamera, LP-E10, huisha kabla keki haijakatwa, na zile za flashi huzitupa baada ya kila shughuli. Je, ninunue betri za kamera zisizo za kampuni yenyewe? Nimeambiwa pia kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe, ni kweli?

Jibu la kwanza

Anza na flashi, maana huko ndiko fedha yako inakovujia. Betri za alkali, yaani zile za kawaida za kutupa, zinafaa saa ya ukutani na rimoti, vitu vinavyovuta umeme kidogo kidogo. Flashi huvuta mwingi kwa mkupuo, volti ikashuka, nawe ukabaki unasubiri flashi ijae ilhali betri haijaisha kweli. Nunua betri za kuchaji za NiMH (nikeli na hidridi ya metali), za aina isiyopoteza chaji upesi ikiwa imekaa tu, kama Eneloop zilizoingia sokoni mwaka 2005. Usitishwe na maandishi ya volti 1.2 badala ya 1.5, kwa sababu betri hizi hushikilia volti yake karibu hadi mwisho, na zinachajika mamia ya mara. Ziweke katika seti za nne nne zenye alama, zitumike na kuchajiwa pamoja, kwa kuwa iliyochoka ikichanganywa na nzima huishiwa mapema na kuzidi kuharibika. Chaja iwe ile inayopima kila betri peke yake.

Jibu la pili

Kuhusu LP-E10, yenye 860 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), Canon hukadiria picha zipatazo 500 kwa anayechungulia kwenye kitundu, na karibu 180 tu kwa anayepiga akitazama kioo cha nyuma. Kadirio hilo la 500 limehesabu pia flashi ya kamera yenyewe, ambayo wewe huitumii. Kwa hiyo, kama inaisha kabla ya keki, ama unategemea mno kioo, ama betri yako imezeeka. Zima Wi-Fi, na upunguze muda wa picha kubaki kwenye kioo (kamati ya harusi itanung'unika, lakini picha wataziona baadaye).

Hilo la kuimaliza kabisa ni desturi ya betri za kale za nikeli na kadimiamu. Betri ya lithiamu huumizwa na kuishiwa kabisa, hivyo ichaji wakati wowote. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, iache na chaji ya nusu hivi, mahali pasipo joto, wala si ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Jibu la tatu

Betri zisizo za kampuni mimi ninazo, ila siamini namba zilizoandikwa juu yake. Yenye umbo lilelile ikidai 1,500 mAh, iache dukani. Nyingine huvimba zikakwama ndani ya kamera, hivyo ukiona imeanza kutuna, usiichaji tena.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Nitajuaje kwamba betri yangu imezeeka?

Jibu la pili

Ichaji ijae, kisha piga kwa kuchungulia tu, ukihesabu picha hadi izime. Ikishindwa kufika hata 250, nunua mpya kabla ya msimu wa harusi.