Rekodi ya Carl Nielsen, vipande vifupi vya okestra: Helios mbona inaanza kimya? Naanzia wapi?

Tarumbeta_Machame
Habari za jioni wakuu. Mimi napiga tarumbeta kwenye kikundi cha usharika wetu huku Machame, mwaka wa 11 sasa, muziki wangu ni tenzi, harusi na misiba, okestra naijua kwa mbali tu. Juzi kati mgeni mmoja wa Denmark alishuka mlimani akatukuta mazoezini, akakaa kwenye benchi mpaka tunafunga, kesho yake akaniletea flashi ina muziki wa Carl Nielsen, mtunzi wa kwao, sio zile simfoni zake ndefu, ni vipande vyake vifupi, wamepiga okestra ya redio ya taifa ya kwao akiongoza Thomas Dausgaard.

Sasa kuna kimoja kinaitwa Helios. Nimekiweka kwenye sabufa sebuleni, kimyaaa, nikajua faili bovu, nikaongeza sauti, bado, nikaongeza tena, afu baada ya muda tarumbeta zikafunguka zote kwa pamoja mtoto akaamka analia ikabidi nizime. Naomba kuuliza, ni faili langu limeharibika mwanzoni au ndivyo ulivyo? Na mtu kama mimi naanzia wapi humo ndani, maana mgeni alisema nitaupenda na mimi nataka kweli kuupenda, ila sijapata mlango.

Violini_Njiro
Kaka faili lako ni zima kabisa. Helios ni jua. Mwaka 1903 Nielsen alikuwa Athens, mkewe Anne Marie alikuwa mchongaji wa sanamu, alienda Ugiriki kusoma sanaa za kale na mume akamfuata, akapata chumba chenye piano kinachotazama Akropoli, ile ngome ya kale juu ya kilima, akaandika humo. Ni siku moja nzima kwa dakika kama 12: giza, jua linachomoza, linapanda mpaka utosini, linashuka taratibu linazama baharini. Kwa hiyo hicho kimya ulichosikia ndio giza lenyewe. Selo na besi kubwa, zile violini kubwa za sauti nzito, wanashika noti moja ndefu ya chini kabisa, afu zinaingia zile tarumbeta za duara, honi, ziko 4, moja baada ya nyingine, kama watu wanaitana toka mgomba huu mpaka ule kabla hakujapambazuka.

Usisikilizie sebuleni mchana na pikipiki zinapita. Tafuta hedifoni, amka saa kumi na moja na nusu, kaa nje uangalie mlima. Ukiwa Machame na hakuna wingu una bahati kuliko sisi wa Arusha. Na usiguse sauti hata kama husikii, iache ije yenyewe, mwisho wake pia inarudi chini mpaka inaisha bila wewe kujua imeisha lini.

Kuhusu mlango, wewe unao tayari hujui tu. Huyu mtu ni wa kijijini, kazaliwa 1865 Nørre Lyndelse kwenye kisiwa cha Fyn, watoto 12 nyumbani, baba yake fundi rangi wa nyumba na anapiga fidla na tarumbeta kwenye harusi za kijijini, na mtoto anaenda naye. Alipofika miaka 14 akaingia bendi ya jeshi pale Odense kupiga mbiu na tromboni. Okestra imekuja baadaye sana, kwanza alikuwa mpiga fidla wa harusi na mpuliza shaba wa bendi, karibu sawa na wewe!! Ukilijua hilo, sikiliza tena anavyowaandikia wapulizaji, hawapi kazi ya kujaza nafasi.

FundiRedio_Kiboriloni
Mwalimu Violini amesema vizuri ila kwenye kuanza mi napingana naye kidogo. Mtu aliyezoea harusi usimpe giza la dakika nzima, mpe Maskarade. Huo ni utangulizi wa opera yake (mchezo wa kuimba) ya 1906, kama dakika 4 na kitu, unaanza umeshachangamka na unaisha unakimbia. Akishaupenda huo ndio arudi Helios.

Afu kama kwenye flashi kuna Aladdin angalia sehemu ya soko la Ispahan, mji wa Uajemi. Alikuwa anaandika muziki wa mchezo wa jukwaani 1918 hivi, hapo kwenye soko akagawa okestra makundi manne, kila kundi na wimbo wake na mwendo wake, wanapiga kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza niliona ni fujo. Afu jumamosi moja nimesimama pale kiplefti cha YMCA Moshi, msafara wa harusi umetoka huku na mwingine kule, kila mmoja na matarumbeta yake kwenye pikapu, hawa wako kwenye wimbo huu na wale kwenye mwingine, wakapishana mbele yangu, bodaboda nazo honi, nikasimama pale nimeduwaa, nikasema asee huyu mzee hakubuni kitu, alisikia. Kwenye sabufa hutapata vizuri maana besi inameza wengine, weka besi chini, spika mbili zitenganishe upande na upande, utasikia kundi moja liko huku na lingine kule.

Violini_Njiro
Kaka Fundi nimekuelewa, Maskarade sawa, ila yeye ameuliza Helios na tayari imemshika. Mtu haulizi kitu kisichomshika.

Na hilo la makundi manne lina ndugu yake wa kimya zaidi, Saga-Drøm, ya 1908. Ni ndoto ya Gunnar kwenye hadithi za kale za Iceland, amelala njiani wenzake wanamwacha aote. Katikati kuna pahala ala nne za kupuliza, obo, klarineti, filimbi na fagoti, kila moja inajiendea, hawafuatani kabisa, mwenyewe Nielsen alifananisha na mikondo minne ya mawazo. Wewe umekulia kwenye mifereji ya Uchaggani, usiku ukilala unasikia maji ya huku na ya kule na kila mfereji na mlio wake. Hapo hutahitaji mtu wa kukueleza.

Bibi_wa_Marangu
Wanangu hamjambo. Nimesoma yote. Mimi naomba niongeze kimoja tu ambacho hamjakitaja, kile cha nyuzi peke yake, cha maziko ya msanii kijana. Alikiandika 1910 kwa ajili ya mazishi ya rafiki yake mchoraji, Oluf Hartmann, ni kifupi sana na hakuna tarumbeta wala ngoma. Na yeye Nielsen alipofariki 1931 kikapigwa kwenye mazishi yake. Mimi nilikisikia kwa mara ya kwanza kwa binti yangu kwenye simu, mwezi mmoja baada ya kumzika baba yao, tulikuwa wawili jikoni tunachambua maharage, hakuna aliyesema neno mpaka kikaisha na hata kilipoisha tukaendelea kuchambua. Hakibembelezi. Kuna mahali kinapanda kama mtu anayetaka kuuliza kwa nini, afu kinashuka hakijajibiwa. Mwanangu wa Machame, nyie mnaotupigia misibani mnajua kazi hiyo kuliko mnavyodhani, kisikilize ukiwa peke yako.

Tarumbeta_Machame
Shikamoo bibi, na asanteni sana dada na kaka.

Nimefanya. Leo toka saa kumi na moja na nusu nimekaa kwenye ukuta wa zizi na iyafoni, mlima uko wazi, Kibo nyeupe kidogo juu. Sikugusa sauti. Ile noti ya chini kweli ipo, mwanzo nilidhani ni ng'ombe anapumua nyuma yangu. Afu honi ya kwanza. Nilitoa iyafoni moja nikajua kuna mtu kapuliza huko chini kwa jirani. Jua lenyewe lilichelewa kidogo kuliko la Nielsen, la kwake limeshafika utosini langu ndio linagusa migomba, nikarudia mara ya pili zikaenda sawa. Bibi, kile cha nyuzi sijakigusa bado, naogopa kidogo, nitakisikiliza jumapili jioni.

Swali jingine basi. Mwanzo ule wa Helios, zile honi 4, kikundi kama chetu tunaweza kuupiga? Noti napata wapi na kuna kulipia?

Violini_Njiro
Kulipia hamna, mtunzi amefariki muda mrefu, na Maktaba ya Kifalme ya Denmark wametoa toleo zima la kazi zake unapakua bure kwenye tovuti yao. Pakua skoa ya Helios, yaani kitabu chenye noti za okestra nzima, chukua kurasa za mwanzo tu. Angalia kwanza honi zimeandikwa kwa funguo gani kabla hujawagawia watu, msije mkaanza kila mtu na noti yake.

Tarumbeta_Machame
Honi za duara hatuna hata moja ila tenahoni, zile tarumbeta za sauti ya kati, tunazo nne, baritoni atashika ile ndefu ya chini, ana pumzi huyo, na kama haitoshi nitaweka wawili wapokezane. Naenda mjini kesho kuprinti, mazoezi alhamisi.