Gobore lenye darubini: baruti ya vidonge, ya unga, au risasi nzito?

Msafiri_Kasarani
Wadau, habari za jioni. Januari naenda Ohio, Marekani, kwa shemeji, wakati wa msimu wao wa kuwinda kulungu kwa gobore. Hapa kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo bunduki ya kushindilia naijua kwa kusoma tu. Hii ni ya kisasa, tundu la mtutu ni .50 (nusu inchi), inatumia fataki namba 209 (kile kikofia kidogo kinachowasha baruti), mifereji ya mtutu inazungusha risasi mara moja kila inchi 28, na juu ina darubini ya 3-9x40 (inakuza mara tatu hadi tisa). Shemeji anataka kujua anunue nini mapema. Chaguo analonipa ni vidonge viwili vya baruti vya greni 50 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na risasi ya greni 250 iliyovikwa saboti, yaani kifuko cha plastiki, au risasi hiyo hiyo na baruti ya unga (Triple Seven au Blackhorn 209), au risasi nzito ya greni 350 isiyo na saboti. Nataka usahihi kwa yadi 100. Mngechukua ipi?

Mama_Ruaka
Kaka, chukua unga. Nimeishi Minnesota miaka mingi na mume wangu aliwinda kwa gobore kila msimu, mimi ndiye nikimpimia baruti. Kidonge chako ni greni 50. Ukitumia viwili uko 100, vitatu 150, na hakuna cha katikati. Na kila mtutu una kipimo unachokipenda. Kwa unga unaanza 80, unapiga risasi tatu, unapanda 85, 90, 95, huku ukiangalia matundu yanakusanyika wapi. Kuna mahali yanabanana, ukiongeza greni tano tu yanatawanyika tena. Hapo ndipo unaporudi nyuma na kusimama.

Unga upimwe kwa ujazo, kwa kile kipimo cha shaba, sio kwa mizani (Blackhorn ina maelezo yake, yafuate). Triple Seven ina nguvu kuliko baruti nyeusi ya kawaida kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo usinakili kipimo cha mtu wa baruti nyeusi. Na usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa kwenda mtutuni. Kaa moja iliyobaki ndani inatosha kulipua chupa nzima mkononi.

Babu_Ngong
Mama Ruaka anasema kweli kuhusu usahihi, lakini nitetee vidonge. Januari Ohio ni barafu. Vidole vimekufa ganzi, kulungu amejeruhiwa na anahitaji risasi ya pili haraka. Vidonge viwili unavidondosha, unashindilia, unaweka fataki, umemaliza. Kama ni vidonge vya Pyrodex (aina nyingine ya baruti), ule upande mweusi uangalie chini kwenye fataki, maana ndio unaoshika moto kwanza. Vitatu achana navyo, vinaongeza teke tu.

Mama_Ruaka
Babu, shikamoo. Unga nao unabebeka: pima nyumbani, tia kwenye vichupa vidogo vya plastiki, kila kimoja mzigo mmoja na risasi yake. Porini unafungua na kumimina.

Babu_Ngong
Marahaba mwanangu. Hapo umenishinda.

Mtani_Tabora
Nipo Nairobi kikazi ila kwetu Tabora magobore ni ya babu na babu. Mnazungumzia baruti sana, lakini kushindilia ndiko kunakoamua. Risasi lazima ikalie baruti kabisa. Ikibaki pengo katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Shindilia mzigo mmoja sawasawa, halafu chora alama kwenye mdeki (ufito wa kushindilia) pale unapolingana na mdomo wa mtutu. Kila ukipakia, alama irudi pale pale. Ikikaa juu, kuna kitu: uchafu, mzigo mara mbili, au risasi imekwama njiani. Na ukandamize kwa nguvu ile ile kila mara. Ukisukuma leo kwa hasira na kesho kwa upole, utailaumu darubini bure.

Baruti ya bunduki za kawaida, ile isiyotoa moshi, isiingie kabisa kwenye gobore lisilotengenezwa kwa ajili yake. Watu wamepoteza mikono.

Mlenga_Ruaraka
Mimi napiga shabaha za karatasi kwa .22, kwa hiyo naongelea darubini tu. Kaza skrubu zote kwanza. Anzia yadi 25, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Kitufe cha kurekebisha darubini huzunguka kwa kliki, na nyingi zina kliki ya robo: kliki moja inasogeza robo inchi kwa yadi 100, lakini kwa yadi 25 ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Yaani ukiwa inchi mbili kushoto kwa yadi 25 unahitaji kliki 32, sio nane. Wengi hukwama hapa, wanaona darubini haisogei.

Ikigonga katikati kwa 25, hamia 100. Usirekebishe kwa tundu moja, subiri matatu, tafuta katikati yao. Mzigo wa risasi ya 250 na greni 100 ukiwekwa sawa kwa yadi 100, kwa 150 utakuwa chini kama inchi 5 au 6. Jicho likae mbali na kioo, gobore lina teke la kupasua nyusi.

Msafiri_Kasarani
Asanteni sana. Na kusafisha kati ya risasi?

Mama_Ruaka
Pyrodex na Triple Seven, kila baada ya risasi pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Triple Seven huacha pete ngumu pale risasi ilipokaa, utaisikia mdeki ukikwaruza. Ukipiga moja kwenye mtutu msafi na inayofuata kwenye mchafu, hujapima kitu kimoja. Blackhorn haidai hivyo, ila ni ghali na inataka fataki kali na kizibo cha nyuma kinachofaa. Shemeji akikague kabla ya kununua.

Ile ya 350 iache. Ni nzuri kwa msitu mnene na mnyama wa karibu, lakini teke lake litakufanya uogope kifyatulio.

Msafiri_Kasarani
Basi nimemwandikia: Triple Seven ya unga, saboti 250, tuanzie 80. Je, fataki nibebe kutoka hapa?

Mlenga_Ruaraka
Hapana mkuu. Baruti na fataki haziruhusiwi ndani ya ndege, hata kwenye mzigo wa chini. Kila kitu kinunuliwe huko. Na mwambie anunue saboti za pakiti moja za kutosha, kwa majaribio na kwa uwindaji wenyewe.