Tundu moja la mtandao, vifaa vinne: tununue swichi au ruta?

Mwanafunzi wa Chumbageni:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Tunaishi watatu katika chumba cha hosteli hapa Tanga, na tundu la kebo ya intaneti ni moja tu, tena liko nyuma ya kitanda changu. Tuna kompyuta mpakato tatu na printa moja, na kwa kuwa Wi-Fi ya jengo haishiki chumbani kwetu, kebo tunapokezana kwa zamu. Juzi nilinunua kigawanyio cha plastiki chenye matundu mawili, lakini nilipochomeka kompyuta mbili kwa pamoja, zote zilikosa mtandao. Je, tununue swichi au ruta?

Fundi wa Ngamiani:
Kigawanyio hicho kinaunganisha nyaya tu, kwa hiyo kompyuta zote mbili hutuma mawimbi kwenye waya uleule na mtambo wa upande wa pili hauelewi hata moja. Swichi, yaani kisanduku kinachogawa mtandao wa kebo kwa vifaa kadhaa, ya matundu 5 inawatosha: moja la kebo ya ukutani, manne ya vifaa vyenu. Haihitaji mipangilio yoyote, ila inatumia umeme, hivyo iwekeni karibu na soketi. Msije mkachomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi hiyohiyo, kwani data huzunguka bila kukoma na jengo zima linaweza kukosa mtandao.

Msimamizi wa mitandao, Raskazone:
Fundi amesema kweli, lakini swichi haifichi kitu: anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kila kifaa huonekana upande wa pili, na ikiwa hosteli imeweka kikomo cha kifaa kimoja, tundu linaweza kufungwa mara kinapoonekana cha pili. Ningekuwa wewe, ningemuuliza anayesimamia mtandao wenu kabla ya kutoa hata shilingi. Akiruhusu ruta, kebo ya ukutani iingie kwenye tundu la WAN, yaani la kupokea intaneti kutoka nje, ambalo aghalabu lina rangi ya pekee, na mtandao wa hosteli utaona kifaa kimoja tu. Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kumaliza jioni nzima nikipita chumba hadi chumba kutafuta ruta iliyochomekwa kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani. Ilikuwa ikiwagawia majirani anwani za mtandao wake wa ndani, zinazoanza na 192.168, wakaonekana wameunganishwa huku hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Mwanafunzi wa Chumbageni:
Nashukuru. Nimeuliza, na kweli kikomo ni kifaa kimoja. Ruta inaruhusiwa mradi tuzime Wi-Fi yake. Tumechanga tukanunua yenye matundu manne ya LAN. Kebo iko kwenye WAN na kompyuta zote zinaiona printa, lakini intaneti haipatikani. Nikiirudisha kebo kwenye kompyuta yangu, inapatikana.

Msimamizi wa mitandao, Raskazone:
Tundu bado linaitambua anwani ya kompyuta yako. Ruta nyingi zinaweza kuinakili anwani hiyo, lakini kwa kuwa mmekwisha kupewa ruhusa, ni heri umpelekee msimamizi anwani ya MAC iliyobandikwa chini ya ruta, aisajili badala ya ile ya kompyuta.

Mwanafunzi wa Chumbageni:
Ameibadilisha leo mchana. Nilizima ruta, nikaiwasha tena, na sasa sote watatu tuko mtandaoni.