Mada: Klarineti ya bei ya kutupa imezuiwa forodha

Mpuliza:
Wapendwa, shikamooni wakubwa. Klarineti iliyotumika, iliyonunuliwa mtandaoni, imekwama forodha. Muuzaji aliandika "mpingo halisi" kwenye CN23 (fomu ya posta ya tamko la forodha), na ofisi sasa inadai kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Siku za ghala zinahesabiwa. CN23 ya marekebisho hujazwa na nani, aliyetuma au anayepokea? Naomba msaada wa haraka.

Fundi Mbao:
Kibali hakihitajiki. Miti ya jamii ya Dalbergia yote, isipokuwa mmoja, ilikuwa Kiambatisho II (orodha ya CITES ya spishi ambazo biashara yake hudhibitiwa kwa kibali) kufikia tarehe 2 Januari 2017, mpingo (Dalbergia melanoxylon) ukiwemo, na hapo ndipo wenye ala walipoanza kusumbuliwa. Tangu 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake, zimeachiliwa kwa ufafanuzi namba 15. Waandikie jina la kisayansi la mti, namba ya bidhaa ya forodha HS 9205.90, na maneno "ala ya muziki iliyokamilika". Mti usio na msamaha ni Dalbergia nigra wa Brazil, ulioko Kiambatisho I, orodha kali zaidi, tangu 1992. Huo utaukuta kwenye magitaa ya zamani, si kwenye klarineti.

Mama Noti:
Fundi, punguza haraka. Mkataba hauizuii nchi kuweka masharti makali zaidi, kwa hiyo asome kwanza sheria ya huko aliko. Halafu hakuna aliyeuliza la msingi: huo ni mpingo kweli? Kwa bei hiyo, uwezekano mkubwa ni plastiki. Atazame picha za ncha ya kiungio, pale koki (gome laini linalobana kiungio) inapoishia. Mbao huonyesha vitundu vidogo vya nyuzi za mti. Plastiki ni laini, rangi moja mwanzo mwisho. Aangalie na ndani ya bomba kwa tochi, maana nje hupakwa rangi na kung'arishwa. Uzito nao husaidia, mpingo ni mzito hadi unazama majini.

Fundi Mbao:
Mama, sentensi hiyo ya mwisho itamponza mtu. Asithubutu kuichovya! Mbao hupasuka hasa kwa unyevu usio sawa: pumzi yenye joto na maji inavimbisha ndani huku nje pakiwa pakavu na baridi. Ndiyo maana nyufa huanzia kipande cha juu, karibu na matundu ya vitufe vya pembeni. Omba picha ya eneo hilo, mwanga ukipita kwa ulalo. Ufa mfupi wa juujuu hutengenezeka. Ukikatiza tundu la sauti, hewa itavuja na gharama ya fundi itapita bei ya ala yenyewe.

Babu Besi:
Nyote mmeruka mtego mkubwa kuliko ufa. Klarineti kuukuu zikiuzwa rahisi, tafuta mhuri wa HP, au H peke yake, karibu na jina la mtengenezaji. Maana yake ni "high pitch", yaani kimo cha juu cha sauti, noti A ikiwa mitetemo karibu 452 hadi 457 kwa sekunde badala ya 440. Inaweza kuwa nzima, inang'aa, pedi (vifuniko laini vya matundu) mpya, na bado haipatani na chombo kingine chochote. Msimdanganye mtu kwamba atavuta kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa klarineti na kuishusha sauti. Ukivuta hapo, noti za bomba fupi (matundu mengi yakiwa wazi) hushuka sana na zile za bomba refu (mengi yakiwa yamezibwa) hushuka kidogo, kwa sababu matundu yamepangwa kwa bomba fupi zaidi. Inayofaa ina LP ("low pitch", kimo cha chini), au ni ya karibuni na haina mhuri wowote wa kimo cha sauti. Kisha hesabu: klarineti ya mfumo wa Boehm, ulioenea zaidi, kwa kawaida ina vitufe 17 na pete 6 za kuzunguka matundu. Pete zikiwa mbili tatu tu, huenda ni mfumo wa zamani wa Albert, na mpangilio wa vidole vyake ni mwingine.

Mama Noti:
Sahihi kuhusu HP, Babu. Naongeza la pedi. Muuzaji atume video: kipande cha juu peke yake, matundu yote yamezibwa kwa vidole, chini kimezibwa kwa kiganja, kisha avute hewa kwa mdomo. Mvuto ushike sekunde mbili tatu. Ukipotea mara moja, pedi zinavuja au kitufe kimepinda. Na vitufe vya aloi duni vya kusubuliwa havipindiki, vinakatika. Fundi wengi hawavigusi.

Mwana wa Pwani:
Mimi kinachoniuma ni huo mpingo. Unatoka Tanzania na Msumbiji ukiwa vipande, unachongwa mbali, halafu mtu wa kwetu anadaiwa karatasi ili aupokee. Kazi ya kuchonga ingebaki huko ulikoota.

Babu Besi:
Kweli tupu, mwanangu, ila mti huo hukua pole mno, na vipande vinahitaji kukaushwa miaka kabla ya kutobolewa. Viwanda vianze na ukaushaji.

Mpuliza:
Asanteni sana. Nimekuza picha: mhuri upo, HP. Na CN23, je, anajaza nani?

Fundi Mbao:
Kama ni HP, mwandikie muuzaji leo kwamba maelezo hayakutaja kimo cha sauti, na uambatanishe picha ya mhuri.